Ardis Kvamme na Tangazo la Mlango wa Tatu

Tarehe 30 Aprili, saa kumi jioni, Ardis Kvamme atafunga kabati la mafaili la Mji wa Rudd kwa mara ya mwisho na kunikabidhi funguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja na miezi minne akiwa karani wa mji wetu. Wenyeviti wanne wa baraza wamekuja na kuondoka mbele yake, na paa la ukumbi limebadilishwa mara mbili. Yeye amebaki na kiti kilekile cha ofisi chenye magurudumu. Gurudumu moja lilivunjika wakati wa kuhesabu kura, na amekataa kiti kingine kwa sababu, anasema, hiki kimeshamzoea.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa ajili ya ratiba ya sherehe ya kumuaga kwa kuwa nimekuwa naibu wake kwa miaka kumi na minne. Nimeambiwa uwe wa furaha, uwe mfupi, na usitaje habari za boti. Hayo mawili ya kwanza nitajaribu.

Ardis alizaliwa katika shamba la ng'ombe wa maziwa, maili sita kutoka ukumbini, na hajawahi kuishi mbali zaidi ya hapo. Siku yake ya kwanza kazini ilikuwa Januari, na mabomba ya ukumbi yalikuwa yameganda. Baraza lilikaa na makoti likijadili nani aitwe. Karani mpya akaenda kwenye gari lake, akarudi na kikausha nywele, akaingia chini ya sinki. Kufikia saa nne maji yalikuwa yanatoka, na kumbukumbu za kikao hicho, alizoziandika mwenyewe, zinasema tu kwamba "tatizo la maji lilishughulikiwa."

Hivyo ndivyo anavyoandika. Wazee wetu mnakumbuka kikao cha kokoto za Barabara ya Sawmill, ambapo wajumbe wawili walifikia kushikana makola mpaka kahawa ikamwagika juu ya ramani. Ukisoma kumbukumbu utakuta: "Majadiliano yalikuwa marefu." Nilipomuuliza kwa nini hakuandika zaidi, alinijibu, "LaVonne, hawa watu bado wana wajukuu watakaokuja kusoma."

Anatoa leseni za mbwa, na anawajua mbwa wote kwa majina kuliko wenye mbwa. Kuna bwana mmoja amehamia hapa mwaka wa tano sasa, na kwa Ardis bado ni Baba Biskuti, kwa jina la mbwa wake. Mwaka ule wa tufani ya theluji siku ya uchaguzi, alisafirisha sanduku la kura maili ishirini na nane akifuata nyuma ya lori la kusukuma theluji, dirisha wazi na kichwa nje kwa sababu wipa zilikuwa zimekatika. Alipofika makao ya kaunti nyusi zake zilikuwa nyeupe. Karani wa kaunti alimpa supu, naye akaomba kwanza risiti ya sanduku.

Sasa nije kwenye jambo la milango mitatu, maana bila hilo humwelewi Ardis.

Sheria inataka kila tangazo la mkutano wa wananchi libandikwe mahali patatu pa wazi kwa siku zisizopungua kumi na tano. Kwetu mahali hapo ni mlango wa ukumbi, mlango wa posta, na mlango wa duka la chambo la Gunnar. Miji mingine hubandika na kusahau. Ardis, mkutano ukiisha, huenda kuyabandua matangazo yote matatu kwa mkono wake mwenyewe, huandika nyuma ya kila moja tarehe lilipopanda na tarehe liliposhuka, hutia sahihi, kisha huyaweka kwenye faili. Kabati zima limejaa matangazo yenye alama za gundi ya selotepu. Mimi mwenyewe niliwahi kumcheka.

Na sasa, mnisamehe, boti.

Mtu aliyemfundisha Ardis sayansi darasa la nane ni Norbert Wachowiak, ambaye nyote mnamfahamu. Norbert alipostaafu ualimu alianza kupima uangavu wa maji ya Ziwa Mitten, akamwomba mwanafunzi wake wa zamani ampigie makasia. Kwa miaka ishirini na mbili, kila Jumapili ya pili kuanzia barafu inapoondoka, wawili hao walikwenda katikati ya ziwa. Mmoja anashusha kwa kamba kisahani cheusi na cheupe mpaka kipotee machoni, mwingine anaandika kina. Huko nyuma kisahani kilikuwa kinapotelea futi kumi na nne. Kisha zikaja boti za mawimbi, zile zenye matangi yanayojazwa maji makusudi ili sehemu ya nyuma izame na kuacha wimbi linalofika kiunoni mwa mtu, kijana ateleze juu yake kwa ubao. Katika ziwa kubwa wimbi hilo hufa njiani. Mitten ni ekari mia nne tu, na kwenye ghuba yake maji hayafiki futi tisa. Tope likapanda, magati yakang'oka, kingo zikamomonyoka. Kiota cha ndege wazamiaji, wale tunaowasikia wakilia usiku kucha mwezi wa Juni, kilisombwa miaka mitatu mfululizo. Kisahani kikawa kinapotea kwenye futi nane.

Norbert akaanza kugonga milango. Alitaka sheria ndogo moja tu: boti ziendelee, kuteleza kuendelee, ila matangi yabaki matupu. Aliyempinga ni mjumbe wa baraza Kurt Lindemuth, na nataka nimtendee haki. Kurt ana boti ya namna hiyo, lakini pia ndiye anayewasafishia theluji wajane wa Barabara ya Kanisa bila kuombwa. Mabishano yao pale kwa Gunnar yalikuwa bora kuliko televisheni.

"Ziwa si makumbusho, mzee," Kurt anasema. "Wanangu wanacheka mle ndani. Unataka wakae kwenye simu?"

"Wanao wanacheka, mayai yanaelea."

"Ndege si watajenga juu zaidi?"

"Nawe si ukateleze bafuni?"

Na Ardis? Hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno. Nje ya ofisi alikuwa anapiga makasia na kumwona mwalimu wake akitikisa kichwa kila kisahani kilipopotea mapema, na alirudi Jumatatu macho yamevimba. Ndani ya ofisi alikuwa karani. Watu walimjia dirishani wakitaka kumchimba.

"Ardis, sema ukweli, wewe uko upande gani?"

"Upande huu wa kioo. Umekuja kwa leseni ya mbwa au kibali cha kuchoma majani?"

Miaka minne Norbert aligonga milango. Septemba ya mwaka juzi baraza liliitisha mkutano wa wananchi na kuahidi kufuata kura yao. Sabini na mmoja waliikubali sheria, sitini na wanne waliikataa. Norbert, umri wake wakati huo sabini na tisa, alisimama nyuma karibu na birika la kahawa akilia bila kujificha, na Kurt akaenda kumpa mkono.

Asubuhi yake Ardis akaenda kubandua matangazo yake.

Alirudi ofisini na karatasi tatu, akazipanga mezani mbele yangu. Mbili zilikuwa za manjano, zimekunjamana kwa mvua na jua. Ya tatu, ya mlango wa Gunnar, ilikuwa nyeupe kama imetoka kwenye mashine asubuhi hiyo. Aliikuta chini ya bango la kikosi cha zimamoto la bahati nasibu ya kushindania nyama, lile kubwa lenye picha ya paja la nguruwe. Gunnar alikumbuka kwamba bango lilipanda kesho yake tu baada ya tangazo. Kwa maana hiyo, katika siku zote zile tangazo la mlango wa tatu lilionekana siku moja.

Nilimwambia aliache. Nilisema kila mtu mjini alijua habari za mkutano ule, hata mbwa wa Baba Biskuti alijua.

"Najua walijua," alisema Ardis.

"Basi nani atajua kuhusu hili?"

"Mimi nimeshajua. Wewe umeshajua. Gunnar ana wasiwasi. Tayari tuko wengi, LaVonne."

Hakumpigia simu mwenyekiti kwanza. Aliendesha mpaka kwa Norbert, nami nikaenda naye. Tulimkuta kibarazani kwake akitengeneza chelezo kipya cha kubebea kiota majini kwa vipande vya mwerezi. Ardis alimweleza amesimama, bila kuzunguka. Norbert alisikiliza, nyundo mkononi.

"Si uliweke tu kwenye faili?" aliuliza.

"Nikitia sahihi nyuma yake, nitakuwa nimedanganya. Nisipotia, itaonekana. Wenye boti wakienda mahakamani, sheria inaanguka na hairudi tena."

"Wenye nyumba za majira ya joto wanaondoka mwezi ujao. Wale ndio kura zangu."

"Najua, mwalimu."

Norbert aliweka nyundo chini. Kisha akasema maneno ambayo ningependa nisingeyasikia. "Miaka minne nimegonga kila mlango wa mji huu. Wewe umeshindwa kuangalia mlango mmoja."

Ardis aligeuka, nami nikamfuata. Tuliporudi garini alikaa na funguo mkononi mpaka vioo vikaota ukungu, halafu akasema tupitie ofisini, kuna barua ya kuandika.

Katika kikao cha baraza alisimama na kusema, "Tangazo la tatu halikuonekana. Kosa ni la ofisi ya karani, na karani ni mimi. Kura ile haifai." Kura ikafutwa. Watu waliokuwa wameshangilia walimtazama kama aliyewaibia. Kwa majuma kadhaa kuna waliokuja dirishani na kulipa ada bila kumsalimu. Mwingine aliacha miwani ya kusomea juu ya kaunta, na karatasi imeandikwa: "Ya kuangalia milango."

Kurt naye hakulala. Alitoa hoja kwamba mkutano wa marudio uwe Jumamosi ya tatu ya Novemba. Ukumbi mzima uliguna. Hiyo ni siku ya kwanza ya kuwinda kulungu kwa bunduki, na katika Rudd siku hiyo hata harusi haifungwi wala maiti hazikwi. Mwenyekiti Duane Pritzl alimwambia, "Kurt, wewe ni mshenzi," lakini kura ya wajumbe ikawa mbili kwa moja, na hiyo moja ilikuwa ya Duane.

Saa ya mkutano, kwa desturi, hupangwa na karani. Ardis aliandika saa sita kamili mchana. Kila mwindaji anajua kwamba saa hiyo kulungu wamelala na binadamu ameshuka mtini anakovizia, akitafuta kitu cha moto. Matangazo matatu yakapanda, na kila asubuhi kabla ya kazi aliyazungukia yote, akayapiga picha pamoja na gazeti la siku hiyo.

Norbert alianza kugonga milango upya, peke yake, katika mvua ya barafu ya Oktoba. Alikataa kupakiwa na Ardis. Majuma mawili kabla ya kura alipelekwa hospitali na nimonia.

Jumamosi ile, saa sita kasoro dakika tano, malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka makaburini. Watu waliingia na mavazi ya rangi ya chungwa kali tangu kofia hadi suruali, bunduki zimeachwa nje, mashavu mekundu, wengine na damu ya kulungu kwenye mikono ya koti. Walikuwepo vijana wanaoteleza nyuma ya boti ya Kurt, walikuwepo wavuvi, walikuwepo watu ambao sikuwahi kuwaona katika kikao chochote. Nilihesabu vichwa mara tatu: mia moja tisini na watatu. Bwana mmoja alipoulizwa kilichomleta alisema, "Nimekaa juu ya mti tangu alfajiri nikiangalia ziwa. Nimeona limetulia. Nimekumbuka lilikuwaga hivyo." Kura za ndiyo zilikuwa mia moja na kumi na nane. Kurt alisoma matokeo, akavua kofia, akasema asiyekubali kushindwa si mshindani, akarudi mtini kwake.

Norbert alisikia matokeo kwa simu, kitandani, mpira wa hewa puani. Kazi yake ya miaka minne ilikamilika mahali ambapo yeye hakuwepo.

Januari alikuja mwanasheria wa wenye boti kutoka jijini. Kitu cha kwanza alichoomba, kabla ya koti kuvuliwa, ni matangazo ya mkutano. Ardis alimletea faili mbili, ya Septemba na ya Novemba. Alisoma dakika ishirini, akageuza kila karatasi na kutazama sahihi nyuma. Kisha akafunga faili, akauliza kama kuna kahawa, na hatujamwona tena. Angekuta kura ya Septemba imesimama juu ya lile tangazo jeupe, sheria yetu isingemaliza juma.

Septemba iliyopita, mwisho wa majira ya joto ya kwanza chini ya sheria, kisahani kilipotea kwenye futi kumi. Pale ghubani tulihesabu vifaranga wawili mgongoni mwa mama yao. Kipimo hicho alikichukua Ardis peke yake, kamba mkono mmoja na daftari kati ya magoti, kwa sababu Norbert hajapanda boti pamoja naye tangu siku ile ya nyundo. Wakikutana kwenye chakula cha samaki cha Ijumaa huulizana kuhusu baridi, basi. Mwaka na nusu sasa. Ardis halalamiki, lakini nimemwona akigeuza kichwa kila lori la Norbert linapopita dirishani.

Nimefika mahali ambapo wasifu wa kawaida hutaja zawadi na keki. Keki ipo. Ila kuna jambo ambalo nimelibeba kupita uwezo wangu, na wanaosema mficha maradhi kifo humuumbua wanasema kweli.

Bango la paja la nguruwe nililibandika mimi.

Mume wangu Dale ni nahodha wa zimamoto, na nilikuwa na mabango arobaini ya kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Mvua ilikuwa inanyesha, selotepu nimeing'ata kwa meno, simu inaita. Nilitafuta nafasi kubwa iliyo usawa wa macho, nikabandika, nikakimbia. Sikuona kilichokuwa chini, mimi naibu karani, niliyechapa tangazo lile kwa mikono yangu. Nilipomwambia Ardis aliache, sikuwa nalitetea ziwa. Nilikuwa najitetea. Aliniuliza mara moja tu, palepale mezani: "Ni wewe?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Basi usiwe unabandika ukiwa na haraka." Hajalirudia tena. Alipotangaza kwamba kosa ni lake, nilikuwa nimekaa kushoto kwake nikiandika kumbukumbu, na niliandika vilevile alivyosema. Miwani ile ya kaunta ilistahili kuwa yangu. Kila nilipomwambia nitasema, alinijibu kwamba ofisi ina jina moja juu ya mlango, na kwamba mimi bado nina miaka ya kufanya kazi na watu hawa. Nilikubali upesi mno. Naona aibu.

Kwa miaka thelathini na moja hakuna karatasi iliyotoka ofisini kwetu bila Ardis kuisoma. Ratiba hii ndiyo ya kwanza. Nimeipeleka mwenyewe kwa mpiga chapa, na Ardis ataisoma pamoja nanyi, akiwa ameketi mbele ya watu wote ambapo hawezi kuiandika upya iwe "majadiliano yalikuwa marefu." Baraza likiona kwamba funguo hazinifai, nitazirudisha bila ugomvi.

Norbert, kadi yenye jina lako iko meza ya mbele, kiti cha kulia kwa Ardis. Mlango ule uliomlaumia Ardis niliufunika mimi. Yeye aliuangalia, na ndiyo sababu ziwa lina sheria. Barafu imetoka Jumanne, na kipimo cha kwanza cha mwaka ni Jumapili hii.

Ardis, asante kwa kila sahihi uliyoitia nyuma ya karatasi ambayo hakuna mtu angeigeuza. Mji wa Rudd unakutakia maisha mema, afya njema, na mtu wa kukushikia daftari.

LaVonne Prochaska, naibu karani